Dawa mpya inaongeza nini? Majibu ya maswali yenu

Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana presha. Kwenye kliniki moja wamembadilishia dawa, wakampa mpya ambayo bima hailipii, kwa hiyo tunauza viazi kila mwezi ili kuinunua. Kwa nini bima inatunyima dawa bora? (Binti, Uyole)

Marahaba, mwanangu. Nimeikuza picha ya maboksi mawili uliyonitumia nikasoma yale maandishi madogo. Zamani mama alikuwa anameza vidonge viwili, amlodipini na losatani. Hicho kipya ni kidonge kimoja chenye amlodipini ileile, pamoja na valsatani ambayo ni ya ukoo mmoja na losatani. Kilichoongezeka ni kumeza kimoja badala ya viwili. Kwa mzee anayesahau dawa hilo si jambo dogo, na Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge mchanganyiko vya presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini kama mama hasahau na presha yake ilikuwa imetulia, sioni sababu ya kuuza viazi kila mwezi kwa ajili hiyo. Mrudisheni kwa daktari mkamuulize hivyo hivyo. Asiache dawa yoyote kwa maneno yangu.

Kuhusu bima, elewa kwamba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaposajili dawa huangalia usalama, ubora na kama inafanya kazi. Kuizidi dawa tuliyonayo si sharti la usajili. Swali hilo linakuja baadaye, wakati wa kupanga mwongozo wa matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na mara nyingi jibu lake ni kwamba haizidi. Marekani waliwahi kulinganisha dawa za presha kwa watu zaidi ya 33,000, matokeo yakatoka mwaka 2002: kidonge kikongwe cha kupunguza maji mwilini, cha bei ya chini, kiliwakinga watu na mshtuko wa moyo sawa na dawa zilizokuwa mpya wakati ule.

Nimesoma kwamba Uingereza wameupangia bei mwaka mmoja wa uhai wa mtu. Huu si ukatili? (Mwalimu, Mafinga)

Mwalimu, unaizungumzia NICE, taasisi yao inayopima kama dawa mpya inastahili kulipiwa na huduma ya afya ya umma, iliyoanzishwa mwaka 1999. Dawa mpya ikija, wao huuliza itamwongezea mgonjwa miaka mingapi, na ataishi miaka hiyo katika hali gani. Akiongezewa miaka minne ya nusu afya, wanahesabu miaka miwili kamili. Kisha wanachukua gharama inayozidi ile ya tiba iliyopo na kuigawa kwa miaka hiyo. Kwa muda mrefu kipimo chao kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka mmoja kamili. Dawa ikipita hapo sana, mtengenezaji ashushe bei, la sivyo kwa kawaida inakataliwa.

Naelewa kwa nini inakuchoma. Ila fungu la fedha ni moja. Kila shilingi inayolipia dawa hii imeondolewa kwa mgonjwa mwingine, na huyo mwingine hatumjui jina wala hatumwoni gazetini. Mimi ukatili ninaouona ni kumsahau huyo. Hospitali ikiagiza chupa chache za dawa ghali, halafu mwezi huohuo ikakosa antibiotiki za watoto, nayo imeshaupangia uhai bei. Imefanya hivyo bila kupiga hesabu, na hakuna anayeulizwa.

Kipimo chenyewe kina kasoro, na hapo niko upande wako. Mtu mwenye ulemavu, ambaye hali yake inahesabiwa chini tangu mwanzo, mwaka wake unaweza kuonekana mwepesi kuliko wa jirani yake. Hilo silikubali. Ndiyo maana nataka hesabu iisaidie kamati, isiiamulie, na wagonjwa wawepo wakati inapojadiliwa. Na zile pauni 20,000 tusizilete Mafinga. Zinatokana na bajeti yao, na sisi tunapaswa kupima kwa kile ambacho fedha yetu ingefanya hapahapa.

Tangazo linasema dawa inapunguza hatari ya kiharusi kwa nusu. Ni kweli? (Mfanyabiashara, Iringa)

Inaweza kuwa kweli. Wewe uliza: nusu ya ngapi? Kama katika watu 1,000 wangepata kiharusi wawili, sasa atapata mmoja, na wote 1,000 wamenunua dawa. Kama wangepata 200, wameokolewa 100. Tangazo ni lilelile.

Kuna sindano mpya ya kujikinga na ukimwi, mara mbili kwa mwaka. Ina thamani kweli au ni biashara tu? (Kijana, Makambako)

Ina thamani, tena kubwa. Inaitwa lenakapaviri. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 waliichoma na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Miongoni mwa 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kila siku, waliambukizwa 16.

Bei ndiyo ya kukasirikia. Marekani ilitangazwa kwa dola 28,218 kwa mwaka. Mwaka 2025 zikatangazwa nakala zake za viwanda vingine kwa dola zipatazo 40 kwa mwaka, kuanzia 2027, kwa nchi 120 za kipato cha chini na cha kati. Kilichobadilika ni bei tu, dawa ni ileile, na kwa bei hii ya pili hesabu inakaa sawa.

Inakaa sawa zaidi kwenu. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani kwenu Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Pale ambapo virusi ni vingi, sindano chache zinatosha kuzuia ambukizo moja. Kwa hiyo nakala zikifika, zisigawanywe sawasawa kila mkoa kama sare. Zianzie kwa vijana walio kwenye hatari zaidi, na barabara kuu inayopita Makambako ni mahali pa kuanzia.

Kabetosini ni bora kuliko oksitosini? (Mkunga, Makete)

Sista, inategemea friji yako. Utafiti wa 2018 kwa wanawake karibu 30,000 ulionyesha kwamba kabetosini isiyoharibika kwa joto inazuia kuvuja damu baada ya kujifungua sawa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, hii nyingine inavumilia 30. Hospitali yenye umeme wa uhakika inafaidika kidogo sana. Zahanati inayokatikiwa umeme inafaidika mno, ila ni ya kuzuia tu, si ya kutibu mama anayevuja tayari, kwa hiyo oksitosini bado utaihitaji. Andika joto la friji asubuhi na jioni, pamoja na saa ambazo umeme ulikatika, umpelekee mfamasia wa wilaya kabla hajafunga maombi ya robo mwaka.