Mama amepanda daladala mwenyewe

Jumamosi iliyopita, pale Mbagala Rangi Tatu, mama alishika bomba la mlangoni akapanda daladala kwa miguu yake. Konda alimnyooshea mkono, akaukataa. Mimi nilibaki chini nafuta machozi, maana miezi saba nyuma mwanamke huyuhuyu alikuwa hawezi kuinua kikombe cha chai.

Alilazwa siku 12 kwa wagonjwa mahututi. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, anapumua kwa mashine. Dua yetu ilikuwa moja tu, apumue. Alipopumua mwenyewe tukamshukuru Mungu, tukajua kazi imekwisha. Siku nilipomfunga kanga aende wadi ya kawaida ndipo nikayaona mapaja yake. Goti lilikuwa nene kuliko paja. Nikamwambia, "Mama, nyoosha mguu." Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, nauambia, hausikii."

Hakuna aliyetuonya, na hilo linaniuma mpaka leo. Tuliambiwa tumwache apumzike, nasi tukamwacha wiki tatu nyumbani, uji mweupe asubuhi na jioni. Kaka yangu akafika mahali pa kumwambia mama anadeka. Mama aligeukia ukutani.

Hakuwa anadeka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufumbua macho: mwili unaopigana na ugonjwa mkali hula misuli yake wenyewe, neva nazo huweza kuumia, na kulala bila kusogea kunazidisha. Utafiti wa London uliochapishwa 2013 uliwapima wagonjwa mahututi msuli wa paja. Ndani ya siku 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Siku kumi tu!

Najua wewe unayesoma hapa unataka mzazi wako atoke hospitali na arudi kuwa mtu wa kujitegemea. Basi uliza. Hali ikishatulia kidogo, muulize daktari: ataanza lini kukalishwa, nani atamnyoosha viungo? Wasipokujibu, uliza tena kesho. Ila usimnyanyue kwa nguvu zako. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 6, ulionyesha kwamba kuwazidishia mazoezi wagonjwa walio kwenye mashine hakukuwaongezea nafuu, na madhara yaliongezeka. Kipimo kiwe cha wataalamu. Kazi yako ni kuuliza.

Nyumbani, ule uji mweupe peke yake hapana. Sisi tuliweka mayai, dagaa, maharage, maziwa (mwenye figo aulize kwanza). Mama alianza kwa kukaa ukingoni mwa kitanda dakika tano, jasho linamtoka kama aliyetwanga mahindi. Kisha kusimama akishika nondo za dirisha. Mlango wa uani, hatua tisa, ulituchukua mwezi mzima. Na tafadhali, ndugu yangu, usimwite mgonjwa wako mvivu. Kaka alikuja kumwomba mama radhi, amepiga magoti kwenye mkeka. Mama akamwambia asogeze kigoda, anataka kufanya mazoezi yake.