Funga kitabu, useme

Mombasa, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila joto limetuandama: kaskazi inamalizika na masika haijataka kushuka. Babako anakusalimu. Mdogo wako naye anakusalimu, na ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie, maana mimi kuandika kwa kidole kwenye simu siwezi na sitaki.

Umeniuliza, "Mama, niache zamu ya usiku ya kutunza wazee nisomee MCAT, huu mtihani wa kuingilia udaktari huku Marekani, miezi hii minne, au nishike kazi na kitabu pamoja?" Nimekaa na swali lako tangu Alhamisi. Nitalijibu. Lakini kwanza mimi nataka kujua unasomaje, kwa sababu ile picha ya meza yako uliyomtumia mdogo wako nimeiona. Taa nzuri, madaftari manne, na kila ukurasa manjano, waridi, kijani. Nikaguna. Mdogo wako akaniuliza, "Mama, umeona nini?" Nikamwambia nimeona kidato cha nne.

Ulivyosoma darasa la nane unakumbuka. Hukuwa na meza wala kalamu za rangi. Ulikuwa ukiamka alfajiri kumsaidia nyanya yako mahamri, naye, mikono ndani ya unga, anakwambia, "Haya, funga kitabu, useme." Herufi za Kizungu hakuzijua. Yeye alisoma chuo cha Kurani, kwa ubao na msahafu, na ule moyo uliochorwa kwenye kitabu chako cha sayansi hangeweza kuusahihisha hata kwa bahati. Lakini alikuwa na sikio. Sauti yako ikishuka, au ukianza kukimbiza maneno, kidole chenye unga kinapanda juu: "Hapo umepita kama mwizi. Rudi." Unarudi, unakuta kweli, hapo ndipo ulikuwa hujui damu inatokea upande gani. Na ulichokisema sawa leo hakukuachia. Atakuuliza tena keshokutwa, kisha baada ya Ijumaa, kisha siku ambayo umekwisha kukisahau kabisa, umevaa viatu, tunatoka kwenda harusini. Ndivyo maalim wake alivyomhifadhisha juzuu, na ndivyo alivyokuhifadhisha wewe mapafu na mizizi ya maharagwe.

Alama zako za darasa la nane Kibokoni nzima inazijua, sina haja ya kuzirudia.

Halafu ukaenda bweni. Ukawa unarudi likizo na madaftari yako, unasoma sura, unaipaka rangi, unaisoma tena, unaipaka rangi nyingine. Hakuna mtoto mtaani aliyesoma kukushinda, hilo nitalishuhudia popote nitakapoitwa. Usiku mmoja umeme ukakatika, tumekaa barazani, nikakuuliza figo inachujaje damu. Ukaniambia, "Naijua, mama. Iko ukurasa wa kushoto, chini, nimeipaka kijani." Ukurasa uliujua. Rangi uliijua. Figo yenyewe haikuja.

Na siku ya matokeo ya kidato cha nne, unajua. Jirani yetu alileta sinia ya halua kabla hata ujumbe haujaingia kwenye simu. Ukaingia: B+. Si alama ya kuchezewa, watoto wangapi wanaililia, lakini klasta ya udaktari, zile alama za masomo wanazoziangalia chuo kikuu, haikufika, na chumba kizima kililijua hilo kabla hujaiweka simu chini. Halua iko katikati, jirani hajui aiondoe au aikate. Mwishowe akaikata, tukala. Kisha yule mgeni mwingine, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunaamkiana, akasema, "Si kitu, atasomea ualimu kama mamake." Kama kwamba ualimu ni mahali pa kutupia walioanguka! Miaka yote hii, nikipita wanapopika halua nikasikia ile harufu ya iliki, koo linanikaba.

Sasa, sisemi kwamba kalamu za rangi ndizo zilizokunyima udaktari. Nyanya yako alifariki mwaka ule ule. Ulikuja kwenye matanga, ukarudishwa bwenini hata machozi hayajakauka. Nani asome na msiba kifuani? Nikiwaza hivyo naziona rangi hazina kosa lolote. Kisha naikumbuka ile figo ya kijani, naghadhibika upya. Na figo ile ilikuwa kabla ya msiba, au baada? Babako anasema baada. Mimi nasema kabla. Tumeshindana juu ya hilo mara nyingi, na wewe usituamulie.

Ninachokijua ni kimoja: kusoma ni kufunga kitabu. Mdogo wako amenitafutia na wataalamu wako huko huko Marekani, Roediger na Karpicke, waliolipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walipewa makala wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaambiwa waifunge waandike wanachokikumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma wakawa mbele. Walipoulizwa baada ya wiki moja, waliofunga wakawapita. Nilicheka mpaka mdogo wako akashtuka. Nyanya yako angewauliza walichelewa wapi. Na Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, alikwishaandika mwaka 1885, baada ya kujijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwamba tunachojifunza kinatuponyoka upesi mwanzoni, na kwamba kukirudia kwa kuachanisha siku kunashinda kukirundika siku moja. Keshokutwa, baada ya Ijumaa, umevaa viatu vya harusi.

Kwa hiyo fanya vikadi, vya karatasi au vya kwenye simu, swali upande mmoja na jawabu upande wa pili, na usigeuze kabla hujasema kwa sauti. Kwa sauti, mwanangu. Kichwani mtu hujidanganya. Swali ulilolikosa liandike kwenye daftari lake peke yake, na uandike ulilikosa kwa nini: hukujua, hukuelewa ulichoulizwa, au ulikimbia. Hizo ni ndwele tatu na dawa zake tatu, na kuirudia sura nzima hakutibu hata moja.

Mdogo wako amenisomea mtihani wenyewe ulivyo. Maswali 230. Sehemu tatu za sayansi, na ndani yake wametia saikolojia na elimu ya jamii, kila moja maswali 59 kwa dakika 95. Kisha sehemu ya kusoma, maswali 53 kwa dakika 90, ambayo majawabu yake yote yamo ndani ya makala, huhitaji kujua chochote kutoka nje. Basi si ufahamu huo? Nimefundisha ufahamu maisha yangu yote ya kazi. Unasema hiyo ndiyo inayokutoa jasho, na sishangai, kwa sababu wewe tangu utotoni unajibu unaloliamini badala ya alilolisema mwandishi. Hiyo haihifadhiwi. Soma makala mbili kila siku, hata siku ya uchovu, na kila jibu utoe hoja kwa nini yale matatu mengine hayafai. Ukishindwa kutoa hoja, hata ukipata, hukupata.

Kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo anza leo kukadiria kwa kichwa, kuzungusha namba, kuhesabu vipeo vya kumi. Na kosa halikatwi alama, basi usiniachie swali tupu. Ile mitihani ya majaribio inayotolewa na wenye mtihani, AAMC, iweke mingi yake kwa wiki za mwisho, uifanye mizima, kwa saa yake, na mapumziko yake, bila simu. Mtu anaweza kujua kila kitu akachoka saa ya tano.

Haya, zamu.

Mtihani unaanza saa mbili asubuhi na unakuweka pale muda wa saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko. Hiyo saa mbili ndiyo saa ambayo wewe, siku zote, unavua viatu vya kazini ukajitupa kitandani. Unachokisoma mchana kinatulia ukilala, na usingizi wako wewe ni wa vipande vipande, na pazia nyeusi dirishani. Ukiniuliza hivyo, jawabu liko wazi. Lakini kisha nawaza: hao wazee unaowageuza kitandani usiku wamekufundisha mgonjwa ni nani, jambo ambalo daftari halifundishi, na vyuo huko vinapenda aliyewahi kushika mgonjwa kwa mikono yake. Na nimewaona pia waliopewa siku nzima, wakaimaliza kupanga vitabu. Muda mwingi si dawa kwa asiyefunga kitabu. Halafu naiwaza tena ile saa mbili asubuhi.

Kuna njia ya kuomba zamu ya mchana, sijui kama umeiuliza. Kuna kupunguza siku. Kuna kuusogeza mtihani mbele, kwa maana ruhusa ni mara tatu kwa mwaka na saba kwa maisha, na kila alama inabaki kwenye rekodi yako, basi usiende kuuonja. Alama ni kati ya 472 na 528. Ukiwa kwenye majaribio hujaifikia alama unayoitaka, siku ya mtihani haitakuja kukuongezea kwa huruma.

Ninalo langu moyoni, mamangu, na babako anasema nisikwambie kwa sababu utalifanya, kisha likienda kombo tutakuwa tumekuamulia sisi. Ana haki. Nimeushika ulimi hapa mara tatu. Maisha ni yako na mgongo ni wako.

Ila kila Jumapili, saa mbili asubuhi yako, kwetu saa kumi alasiri, nipigie. Uwe umeamka, umeoga, umeketi. Nitakuuliza, na usinipitie kama mwizi, sikio nimelirithi. Tutaanza na figo.

Na karo ya mdogo wako ya muhula ujao babako ameshaiweka kando. Alipoitoa usimuulize. Mwezi huu na ule mwingine usitume kitu.

Mamako