Mdogo wangu, usisaini mkataba juu ya boneti ya gari

Nawaandikia wadogo zangu wa kike wa Ujiji, Mwandiga, Kasulu, kokote mkoani Kigoma, mnaocheza mpira na simu za viongozi wa timu zimeanza kuingia, hasa ukishaonekana UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Najua ile furaha. Mimi nilipigiwa nikiwa namsaidia mama kuanua dagaa Kibirizi, nikaacha kila kitu nikakimbia mpaka barabarani nalia.

Nilikuwa na miaka 17. Yule kiongozi alikuja jioni giza linaingia, tukasaini juu ya boneti ya gari nje ya uwanja wa Lake Tanganyika, mjomba akasaini kama mlezi, afu jamaa akaondoka na karatasi zote. Zote jamani. Sikubaki hata na picha kwenye simu. Nilichoshika kichwani ni laki tatu kwa mwezi na miaka minne, basi, nikapanda basi la Dar na njumu za kuazima.

Mpira wenyewe haukunishinda, namba nilipata mapema tu. Kilichonitesa ni ile karatasi. Mshahara wa kwanza ulikuja nusu, wa pili haukuja kabisa, nikiuliza naambiwa we bado mtoto mshukuru Mungu umepata timu. Mwezi wa tano nikaumia goti mazoezini, wala hakuna aliyenigusa, niligeuka tu mguu ukabaki nyuma nikasikia kitu kimelia ndani. Walilipia kipimo kimoja afu kimya. Nikauliza mkataba unasemaje kuhusu matibabu, nikajibiwa hausemi kitu, na mimi kopi sina, nabishaje? Nikarudi nyumbani kwa treni, Dar mpaka mwisho wa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, goti limevimba na behewa likishtuka kidogo tu machozi yananitoka.

Sasa nisikilize. Ukiletewa mkataba sema naomba niende nao nyumbani, kesho nitaleta. Akikwambia dirisha la usajili linafungwa leo, muulize mbona hakuja wiki iliyopita. Mpelekee mwalimu wako, au mtu yeyote anayejua kusoma Kiingereza cha kisheria maana mingi inaandikwa hivo, akusomee mstari kwa mstari: mshahara tarehe ngapi, ukiumia nani analipa na mpaka lini, nyumba na nauli ya likizo ni ya nani. Kisichoandikwa usikihesabu, hata kama kimesemwa mbele ya mama yako.

Kuna vitu nilikuja kuvijua nikiwa nimekaa nyumbani na goti langu na viliniuma sana. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hasainishwi zaidi ya miaka 3. Mimi nilisainishwa 4 na hakuna mtu mzima hata mmoja pale aliyesema neno. Tena, profesheno kwa kanuni hizo ni yule mwenye mkataba wa maandishi na analipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza, kwahiyo ukipewa nauli na posho ya chakula tu usikubali kuitwa profesheno halafu ukafungwa kama profesheno. Mishahara miwili isipolipwa kwa wakati, unaandika barua ya kudai, unawapa siku 15 angalau, wasipolipa unakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Barua lakini, sio kulalamika kwa kocha. Na tangu 2021 mchezaji akipata ujauzito ana haki ya likizo ya wiki 14 na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wake, msikubali kutishwa na hilo.

Kuhusu goti, wanawake tunaumia zile kano za ndani mara nyingi kuliko wanaume, kwahiyo kupasha sio kukimbia raundi mbili. Kuna mazoezi yanaitwa FIFA 11+, ni kama dakika 20, yapo bure mtandaoni, fanya hata kama kocha hajasema. Ukiumia usikandwe. Mimi nilikandwa na mawese siku tatu mfululizo kwa upendo wa bibi na likavimba zaidi.

Sisemi haya kuwatisha. Njia ipo na wenzetu wameipita, mchezaji Aisha Masaka alitoka Yanga Princess, timu ya wanawake ya Yanga, akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na baadae Brighton ya Uingereza, na Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, mwaka huohuo wa 2022 wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo India. Mnaweza kabisa. Ila huko mbele kila kitu ni karatasi, bora uzoee ukiwa bado Kigoma.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi uwanjani. Timu iliyonifuata safari hii ilileta mkataba wa mwaka mmoja, nikaomba siku mbili, nikaenda nao kwa mwalimu wangu wa zamani tukakaa barazani kwake mpaka jioni, tukaomba kiongezwe kipengele cha matibabu na wakakubali bila ugomvi. Nilisaini mezani, mchana, mama akiwepo. Kopi yangu ipo kwenye sanduku lake chini ya vitenge, na kila nikipiga simu huwa ananiambia bado ipo.