Kwa nini kwenye tamthilia za supahiro wanakaa maabara muda wote? Jibu la mtu aliyewahi kuwa ekstra Vancouver

Mkuu uliyeuliza, ngoja nikujibu kwa kirefu maana swali lako limenikuta mahali pake. Umesema umemaliza misimu minne ya The Flash, ile ya supahiro mwenye mbio za ajabu, mfululizo na una malalamiko mawili na swali moja. Jamaa ana spidi ya kupita kwenye ukuta lakini nusu ya episodi wamesimama maabara wanapiga stori, halafu katikati ya msimu hadithi inalegea kama lastiki ya kaptula kuukuu, na mwisho ukataka kujua ile mbio yenyewe wanaifanyaje. Hapo juu wameshakujibu kwamba ni uvivu wa waandishi, kuna mmoja kasema eti wahusika wanalipwa kwa maneno 😂. Hapana aisee.

Mimi niko huku Burnaby, pembeni ya Vancouver, Canada. Kabla sijapata kazi ya kueleweka nilifanya uekstra, yaani wale watu wanaopita nyuma ya mastaa bila kusema kitu, kama miaka miwili hivi, kipindi ambacho mji huu ulikuwa umejaa supahiro, yaani unatoka nyumbani kwenda kununua maziwa unakuta barabara imefungwa kuna mtu kavaa ngozi ananing'inia kwenye kreni. Tamthilia nilizofanya mimi sitazitaja maana tulisainishwa makaratasi na simu zetu zikabandikwa stika kwenye kamera, kwa hiyo nikitaja jina ujue hayo ni mambo yanayojulikana na kila mtu, na ya kwangu nitasimulia bila jina.

Tuanze na hesabu. Episodi moja ya televisheni ya Marekani ukiondoa matangazo ni dakika kama 42. Kuishuti mnapewa siku nane za kazi, mkibahatika tisa. Gawanya mwenyewe, ni dakika tano na kidogo za kuingia hewani kwa siku, na siku yenyewe ni saa kumi na mbili, kumi na nne, mnaanza Jumatatu alfajiri na kila siku saa ya kufika inasogea mbele kwa sababu jana mlichelewa kumaliza, ikifika Ijumaa mnaanza jioni mnamaliza Jumamosi kumekucha watu wanapeleka watoto kwenye mpira. Na wakati dairekta mmoja anashuti hii, dairekta mwingine yuko ofisini na maeneo anaandaa inayofuata, siku ya nane ikiisha usiku, asubuhi yake mwenzake anaanza na kamera zilezile na watu walewale waliochoka. Ni treni. Msimu wa kwanza wa The Flash ulioanza Oktoba 2014 ulikuwa na episodi 23, na mpaka wanafunga Mei 2023 walikuwa wamefikisha 184. Arrow, ile ya supahiro wa mishale, walifanya 170 kwa misimu minane.

Sasa pigano la barabarani ambalo wewe unaliona dakika moja na nusu, gari inapinduka, watu wanakimbia, hilo linaweza kula siku nzima na usiku wake. Umeshatumia siku moja kati ya nane kwa dakika moja na nusu, zile nyingine utazitoa wapi? Ndiyo hapo maabara inapoingia. Seti ya maabara imejengwa ndani ya studio tangu Julai, taa zimeshaning'inizwa juu, kuta zinatoka ukitaka kupitisha kamera, hakuna mvua, hakuna polisi wa kuzuia magari, hakuna jirani anayechungulia dirishani na kikombe cha chai. Mnaweka waigizaji wanne pale wanaongea, kabla ya chakula cha mchana mmemaliza kurasa nne tano za skripti. Kila ukiwaona wamesimama mbele ya kompyuta wanabishana kuhusu huyo adui ni nani, jua wanalipa deni la lile gari lililopinduka. Na ile episodi ambayo wamefungiwa ndani ya jengo moja mwanzo mwisho, unayoiona ya ajabu ajabu, hiyo mara nyingi ni ya kubana hela kwa ajili ya ile kubwa ya mwisho wa msimu.

Kwenda nje kushuti ni kuhamisha kijiji. Malori, jenereta, matrela ya mastaa, hema la chakula, hema la ekstra (letu lina baridi kuliko yote, na kwenye foleni ya chakula sisi wa mwisho, ukifika kuku wameisha imebaki saladi). Huku wanaweka vibao vya rangi barabarani vyenye neno la siri na mshale wa kuwaonyesha wafanyakazi njia, ili mashabiki wasijue ni tamthilia gani, ingawa mashabiki wa Vancouver wanajua kuliko hata sisi tulioitwa. Halafu kuna mvua. Mji huu mvua yake si ya kishindo kama masika ya Dar, ni manyunyu tu, Oktoba mpaka Machi, na kamera haiyaoni vizuri mpaka uyapige taa kwa nyuma. Usiku wangu wa kwanza nilishangaa kuona lori la maji linamwagia lami maji huku mvua inanyesha, nikasema hawa wazungu wamechanganyikiwa. Kumbe wanataka barabara nzima iwe na maji sawasawa tangu picha ya kwanza, ili taa ziakisi pazuri na mvua ikikata saa nane usiku picha zisigombane. Ndiyo maana kwenye hizi tamthilia kila pigano ni usiku kwenye kichochoro chenye maji. Giza linaficha kwamba kichochoro ni kilekile cha wiki iliyopita, wamegeuza tu kamera na kuhamisha mapipa ya taka.

Na kwa nini Vancouver? Hela. Jimbo la British Columbia linawarudishia watayarishaji wa nje sehemu ya mishahara wanayolipa wakazi wa hapa kupitia kodi, ilikuwa asilimia 28 kwa miaka mingi na kuanzia Januari 2025 wamepandisha hadi 36, na serikali kuu ya Canada nayo inaongeza yake. Dola ya Canada iko chini ya ya Marekani. Mfano mzuri ni Supergirl, msimu wa kwanza waliushuti Los Angeles, gharama zikawa kubwa, 2016 wakahamia Vancouver. Kama uliwahi kujiuliza yule bosi Cat Grant alipotelea wapi ghafla, mwigizaji wake Calista Flockhart makazi yake yalikuwa Los Angeles, basi hadithi ikabidi imsafirishe. Waandishi walitukanwa sana kwa lile, na lilikuwa suala la mji.

Mimi hizi tamthilia nilizijua tangu nyumbani. Smallville, ile ya ujana wa Superman, tuliitazama kwenye kibanda umiza, CD zinakwama, tunapiga makofi mtu wa banda aifute na fulana. Sasa siku moja hapa niko Surrey, jirani na Vancouver, mtaa wa Cloverdale nimepelekwa na rafiki kuangalia gari la kununua, natembea nahisi kabisa huu mtaa nimewahi kuupita. Kumbe ndio waliutumia kama katikati ya mji wa Smallville, ambao kwenye hadithi uko Kansas, Marekani, na Kansas yenyewe hakuna. Nilisimama pale kama mjinga. Rafiki yangu Mkongo hakuelewa kabisa ninachoshangaa, yeye alitaka tuwahi gari.

Turudi kwenye kulegea katikati ya msimu. Kushuti kunaanza Julai, hewani inaanza Oktoba. Ile episodi ya kwanza inaporuka, huku seti wako ya saba au ya nane, na skripti za mbele yake zimeshaandikwa. Kwa hiyo nyinyi mkianza kulalamika Novemba kwamba adui wa mwaka huu hana mvuto, wanasikia sana, kwenye hema la chakula stori zenyewe ni hizo, ila hakuna cha kufanya, mabadiliko mtakayoyaona yatatokea Februari. Hapo katikati ndipo waandishi wanaandika usiku kile kitakachoshutiwa wiki ijayo. Niliwahi kuona kurasa mpya za rangi nyingine zinaletwa asubuhi (kila badiliko lina rangi yake ya karatasi, skripti ikifika mwisho inaonekana kama kanga), mwigizaji anakariri huku anapakwa poda. Linganisha na Daredevil ya Netflix, ile ya supahiro kipofu, episodi 13, zote zikatolewa siku moja Aprili 2015. Wale hawakuwa na pa kulegea. Mimi naona 23 ni nyingi mno kwa adui mmoja, hapo nakubaliana na wewe kabisa.

Na korona ikaja ikavuruga zaidi. Machi 2020 kila kitu huku kilisimama ndani ya siku chache, mimi nilikuwa nimeitwa Jumatatu, Ijumaa nikapigiwa simu nisije, sikuitwa tena mpaka leo. The Flash walikuwa msimu wa sita, walipanga episodi 22 wakaishia 19. Ukifika huko usishangae msimu unakatika kama umeme, hadithi ya adui wa msimu huo, mwanamke wa vioo, ikaja kumaliziwa kwenye episodi tatu za mwanzo za msimu wa saba, Machi 2021, karibu mwaka mzima baadaye.

Kuhusu mapigano sitakaa sana. Vazi la supahiro ni joto na halina mifuko, na kwenda chooni ni safari ya watu wawili. Staa anapiga pozi na maneno, kuruka na kuanguka ni kazi ya mtu wa stanti aliyevaa vazi hilohilo. Lakini wapo wanaojituma, Stephen Amell, steringi wa Arrow, ile ngazi ya kupanda kwa kurusha chuma alikuwa anapanda mwenyewe. Na lile pigano maarufu la kwenye korido la Daredevil, episodi ya pili, angalia tena milango: steringi Charlie Cox anaingia chumbani, anayetoka ni Chris Brewster wa stanti, halafu wanabadilishana tena. Siku hizi nikiona steringi kaingia mlangoni katikati ya ngumi nacheka peke yangu.

Haya, mbio. Mwigizaji anakimbia hatua tano sita za kawaida kabisa, unaweza kumpita wewe, halafu anatoka kwenye fremu. Kisha wanashuti sehemu ileile ikiwa tupu. Kisha anakuja kijana na mipira miwili kwenye fimbo, mmoja unang'aa kama kioo, mwingine wa kijivu, anaishika mbele ya kamera sekunde chache, hiyo inawaambia watu wa kompyuta taa zilikuwa zinatoka wapi. Mtu unayemwona anakata kona na umeme nyuma yake mara nyingi ni wa kompyuta mwanzo mwisho. Cha kweli ni upepo: kuna jamaa na feni kubwa na mwingine anarusha makaratasi, na sisi ekstra tunageuza shingo kufuata kitu ambacho hakipo, wote kwa pamoja, asistenti wa dairekta anapiga kelele "kapita!" Mwenye kuchelewa kugeuka anarudisha watu arobaini mwanzo.

Kigumu kuliko vyote ni pale yeye anakimbia na dunia nzima imesimama. Umeshaiona episodi ya 15 ya huo msimu wa nne, Enter Flashtime, bomu linalipuka taratibu na watu wote wameganda. Watu wanadhani hapo kuna mtu anabonyeza kitufe. Mwendo wa kamera hauruhusu hivyo kirahisi, kamera inazunguka kati ya watu, kwa hiyo watu wanaganda kweli, na kompyuta inakuja baadaye kufuta waliotikisika. Mimi nimeganda hivyo kwenye tamthilia nyingine, Januari, nje, saa tisa usiku. Nilipewa kikombe cha kahawa, mguu mmoja mbele kama natembea, mgongoni ndani ya koti wakanipachika chuma cha kuegemea. Nguo zilikuwa zangu, tuliambiwa tulete jozi tatu zisizo na maandishi, zisiwe nyeupe, zisiwe nyekundu maana hiyo rangi ni ya supahiro mwenyewe. Kuganda nikaweza, hata kupepesa macho nilijizuia. Tatizo likawa pumzi. Watu wameganda kama sanamu halafu kila mmoja anatoa moshi mdomoni kama chungu cha makande.

Dairekta akasimamisha. Wakanong'ona. Akaja dada mmoja na ndoo ya barafu, anatugawia kipande kimoja kimoja kama peremende, tumung'unye mpaka mdomo uwe baridi sawa na hewa ya nje, ndipo pumzi isionekane. Yaani baridi ya kuganda, na mimi mtu wa Morogoro, nalipwa kima cha chini cha jimbo, naletewa barafu nile. Tulirudia mara kumi na moja, nilihesabu. Meno yaliuma siku mbili.

Ilipotoka nikamtumia dada yangu nyumbani dakika kamili aangalie. Akanipigia anacheka: kumbe nimepigwa picha kwa nyuma.