Zawadi za sikukuu kwa mwenye replika: maswali yenu

Sikukuu zikikaribia, barua zangu hubadilika. Mwaka mzima huandika wenye replika, yaani magari yaliyojengwa kuiga mengine maarufu; sasa wanaandika wake zao, watoto wao na ndugu zao, kila mmoja akiomba nisimwambie mhusika. Siri zenu ninazo. Nimefuta majina.

Mume wangu ana Speedster ya kuiga. Nimeona breki na taa za nyuma za Porsche 356 zinauzwa, nataka nimshtukize. Nichukue?

Utashtuka wewe, dada. Speedster halisi, toleo la wazi la Porsche 356, ilitoka mwaka 1954, baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari huko Marekani, kuwaganda Porsche watengeneze gari jepesi, la bei nafuu, lisilo na madoido. Zikatoka kama 4,000 tu, ndiyo maana sisi wengine tunaendesha za kuiga. Sasa hiyo ya mumeo, ukiivua bodi ya faibaglasi, kuna uwezekano mkubwa utakuta Volkswagen Beetle chini yake. Beetle ina milimita 2,400 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, 356 ina 2,100, kwa hiyo sakafu hukatwa kipande cha sentimita 30 hivi na kuunganishwa upya. Injini ni ya Beetle, imesimikwa nyuma. Breki huenda ni za Beetle, huenda ni za gari jingine kabisa ambalo mjenzi aliona zinaingia.

Jina lililoko kwenye boneti, basi, halikuambii chochote kuhusu vipuri. Taa pengine zitakaa. Breki sahau. Hata replika mbili za karakana moja hazina uhakika wa kufanana, maana mwenye gari wa kwanza alibadilisha hiki, wa pili kile. Nenda kwa fundi wake. Huyo anajua mambo ya gari lile ambayo mumeo hajawahi kuambiwa, na atakutajia kipuri kinachosubiriwa.

Kama unataka kitu cha kufunga kwenye karatasi bila kumwuliza mtu, na una hakika injini ni ile ya Beetle, mnunulie gasketi za vifuniko vya vali, geji nyembamba ya kupimia nafasi ya vali (mara nyingi milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa), na oili. Ndiyo, oili. Injini ile kiasili haina filta, ina kichujio cha wavu tu, na inabeba lita 2.5. Uchafu hauna pa kwenda, kwa hiyo oili humwagwa mara kwa mara. Atacheka akifungua, kisha ataitumia yote.

Shikamoo. Nina miaka 13. Baba ana Cobra ya kuiga na mimi nina akiba kidogo tu.

Marahaba, mwanangu. Gari la baba linaiga lile ambalo Carroll Shelby alilianzisha mwaka 1962, alipochukua AC Ace ya Uingereza na kuitia injini ya Ford ya silinda nane. Ukiona ekzosi zake zimepita ubavuni, chini kidogo ya mlango, basi umeshajua zawadi: dawa ya kupaka mtu akiungua. Kila anayeshuka kwenye Cobra bila kuangalia huchomwa mguu, na kwa kuwa cobra ni nyoka, wenyewe huita kuumwa na nyoka. Mfungie tyubu moja na kikaratasi cha utani. Akiba itabaki.

Familia imeniuliza nachagua nini: usukani wa mbao wa Nardi, au kizima-moto? Nina Porsche 550 Spyder ya kuiga, injini ya Beetle.

Kizima-moto, na sitaki ubishi. Usukani wa Nardi ni mzuri, ninautamani mwenyewe, ila utahitaji pia kiungo chake cha kuufunga kwenye nguzo ya usukani ya gari lako, ambayo haijulikani imetoka gari gani.

Fikiria unachobeba nyuma ya mgongo. Mipira ya petroli inazeeka na kupasuka karibu na injini inayochemka. Bodi ya faibaglasi inawaka. Na bloku ya injini ile kiasili ni ya aloi ya magnesi, ambayo ikishashika, maji huichochea badala ya kuizima. Ujanja wote uko kwenye zile sekunde za mwanzo, petroli ikiwa ndiyo inayowaka peke yake. Omba cha gesi. Cha unga kinazima pia, lakini unga wake utausafisha kwenye kila kona ya injini na bado utakula alumini. Kifungwe mahali ambapo mkono unafika ukiwa umekaa. Waambie waongeze na mita kadhaa za mpira mpya wa petroli pamoja na klipu zake.

Nimpe kaka beji ya Porsche aibandike mbele?

Kama hana mpaka leo, pengine ameamua asiwe nayo. Muulize kwanza.

Nikiwasha indiketa, taa kubwa zinafifia. Mke wangu anataka kujua aninunulie nini.

Maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na bando la waya. Kwenye gari la bati, bodi yenyewe ndiyo inarudisha umeme kwenye betri. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chuma. Waliojenga nyingi ya gari hizi walijua hilo, kisha wakaokoa waya: taa tatu kwenye ethi moja, na boliti yenyewe ina kutu. Anzia hapo kabla hujanunua taa mpya.

Shemeji yangu haendeshi sana, lakini tairi zake bado zina meno mazuri. Nimpe kava la gari?

Kava la kitambaa kinachopumua, sawa. La plastiki hapana, litafungia unyevu juu ya rangi. Ila kabla ya kava, inama usome ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira hukakamaa hata gari likiwa limelala. Ukikuta namba kama hiyo, wachangishane ndugu wote mnunue tairi nne.

Na wewe mwenyewe unataka nini?

Kipimio cha hewa cha kabureta, kile kidogo kinachokaa mdomoni mwa kabureta kukuonyesha inavuta kiasi gani. Nina kabureta mbili za Weber, moja inavuta kuliko mwenzake, na ninasawazisha kwa masikio. Nimekitaja sikukuu tatu mfululizo. Mpaka sasa nina jozi nne za soksi zenye picha za magari. Mwaka huu nimekiandika kwa herufi kubwa na kukibandika kwenye friji.