Maswali na majibu: kisanduku kilichofichwa msituni

Wanafunzi wangu wamesikia kuna mchezo wa kufuata vidokezo msituni hadi mfike kwenye kisanduku. Ndani mna zawadi gani? – Mwalimu, Pasua

Hamna zawadi, mwalimu, na waambie mapema wasije wakanuna. Mna daftari na muhuri wa mpira uliochongwa picha. Nawe unakwenda na daftari na muhuri wako. Unagonga wako kwenye daftari la kisandukuni, na wa kisandukuni kwenye daftari lako, unaandika tarehe, kisha unarudisha kila kitu palepale. Mchezo ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni huko, alipoacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao za majina.

Fundi wa mihuri ananitajia bei kubwa. Nifanyeje? – Soweto, Moshi

Chonga mwenyewe kwa kifutio cha shule na wembe. Kumbuka tu kwamba maandishi huchongwa kinyume. Binti yangu alichonga MOSHI kama anavyoliandika, likatoka IHSOM. M, O, H na I hazikuharibika, maana zikigeuzwa ni zilezile, ila S iligeuka ikamcheka. Siku hizi anachonga kinyonga.

Kidokezo kilisema: "Elekea Kibo, hatua 40, kisha kulia." Tumezunguka msitu wa Rau mchana kutwa, hatukuona kitu. Tulikosea wapi? – Baba wa watoto watatu, Majengo

Pole sana, baba. Kosa ni la aliyeandika. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa mji wa Moshi, sawa, lakini siku nyingi ikifika saa nne asubuhi wingu limeshaifunika. Na mkiwa ndani ya Rau, chini ya mivule na misoo, mlima hamuuoni hata uwe mweupe namna gani. Halafu hatua 40 za nani? Za kwako, au za yule mdogo wako wa mwisho?

Mimi pia nimewahi kuwatesa watu. Niliandika "mgomba ulioinamia mfereji" nikajiona fundi wa lugha. Haikupita wiki mbili, mkungu ukakomaa, mwenye shamba akaukata mgomba pamoja na kidokezo changu. Tangu hapo nataja visivyohama: daraja, njia panda, jiwe, mti mkubwa. Mwelekeo nautoa kwa nyuzi za dira, hata ya simu inatosha. Kwa mfano: "Vuka daraja la miti, fuata maji yanakokwenda hadi njia igawanyike. Upe mgongo mti wenye mizizi kama kuta, shika nyuzi 70, hatua 12 za mtu mzima. Inua jiwe bapa, usichimbe." Ukimaliza, mpe jirani asiyepajua aende peke yake. Akipotea, andika upya.

Naweza kuficha popote? – Njiro, Arusha

Hapana. Rau ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo anza kwa ofisi ya misitu. Hifadhi za taifa, Kilimanjaro na hiyo yenu ya Arusha, ziache kabisa. Shambani muulize mwenye shamba, maana kopo lililofungwa vizuri na kufukiwa majani, mlinzi akilikuta hawezi kudhani ni mchezo. Misumari kwenye miti, usithubutu.

Masika yaliyopita daftari letu liligeuka uji. Tutumie nini? – Kiboriloni

Kopo ndani ya kopo, la nje liwe na mpira kwenye mfuniko. Tumia penseli badala ya kalamu ya wino. Liweke mahali palipoinuka, mbali na mkondo, na usiweke pipi hata moja: mtawaita sisimizi. Anayefika naye agonge jiwe kwa fimbo kwanza, asubiri kidogo, ndipo apeleke mkono.