Ukitaka kuandika tamthilia ya upelelezi, bastola iache kwanza

Kijana mmoja kaniandikia baada ya kusikia kwamba hadithi yangu ya upelelezi imenunuliwa ili itengenezwe tamthilia. "Kaka, na mimi nataka kuandika mambo ya polisi na wauaji. Ninunue kamera gani?" Kamera! Nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba wengi wenu mnaosoma hapa mna daftari lenye maiti kila ukurasa, na mnachongoja ni mtayarishaji wa kuwaamini.

Wangu wa kwanza hakuniamini. Alinikalisha ofisini kwake, akafunua kurasa chache, akauliza mbona hakuna anayekimbizwa. "Huyu mpelelezi wako kazi yake kula na kupiga soga?" Muswada nilirudishiwa ukiwa na duara la kikombe cha chai kwenye jina langu. Jina lake yeye silitaji. Shati lake naweza kulichora hadi leo.

Mpelelezi wangu anakula na kupiga soga kwa sababu nilisomea Praha, mji mkuu wa Ucheki. Masomo yenyewe hayana hadithi: baridi, viazi, mitihani. Elimu niliipata sebuleni kwa bibi mwenye nyumba, nilikokaa naye mbele ya runinga ili nijifunze Kicheki. Alipenda tamthilia moja ya mwishoni mwa miaka ya 1960, Hříšní lidé města pražského, yaani watu wenye dhambi wa jiji la Praha. Sehemu 13 tu, zilizotokana na hadithi fupi za Jiří Marek. Mzee Jaroslav Marvan anaigiza Vacátko, mkuu wa wapelelezi wa mauaji, enzi ambazo Chekoslovakia ilikuwa bado jamhuri changa. Nguvu ya vijana wake ni kuwajua watu: nani mwizi, anakunywa wapi, nani kamkosea nani. Bibi alikuwa akicheka kabla hata mchekesho haujafika.

Sasa sikilizeni. Mwongozaji wa tamthilia hiyo, Jiří Sequens, ndiye aliyeongoza pia ile ya polisi aitwaye Meja Zeman katika miaka ya 1970. Sehemu 30, zikitembea mwaka baada ya mwaka tangu 1945, na nyuma yake imesimama Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu yuleyule, ustadi uleule, lakini humo polisi wa chama cha kikomunisti hana shaka na adui anajulikana mapema. Sehemu moja ina bendi ya muziki wa roki ambayo watu wake wanateka ndege. Watazamaji walijua ni nani anayepakwa matope: bendi ya Plastic People, ambao kwa kweli walikamatwa mwaka 1976 kwa sababu ya muziki wao. Televisheni ya Ucheki ilipoirudisha tamthilia hiyo mwaka 1999 watu waligombana sana, ikabidi irushwe pamoja na vipindi vya kuieleza historia. Bibi ikianza hiyo alikuwa anakwenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikubali ofisi yoyote ikushikie kalamu. Wakikupa sare, gari na ruhusa ya kupiga picha kituoni, uliza wanataka nini.

Na soma. Nasema soma! Wacheki hawakuanzia kwenye skrini. Mwaka 1929 Karel Čapek alitoa hadithi fupi za upelelezi zinazosomeka hadi leo. Katika mojawapo gari linamgonga mtu na kutoweka, na shahidi mmoja ni mshairi mlevi asiyekumbuka namba, ila ameandika shairi. Mpelelezi anamkalisha, wanalipekua, kila picha ina umbo la tarakimu: shingo ya bata-maji ni 2, matiti ni 3, ngoma na matoazi ni 5. Gari namba 235! Nilipoisoma niliifunga nikazunguka meza. Hakuna risasi hata moja, na mimi mtu alikuwa ameniambia hadithi bila mbio haiuziki.

Hata hawa wa karibuni ni hivyohivyo. Michal Sýkora ni mwalimu wa fasihi chuo kikuu huko Olomouc. Aliandika riwaya, kisha zikawa tamthilia, na Klára Melíšková akawa mpelelezi Marie Výrová. Josef Mareš yeye alikuwa mpelelezi wa mauaji kwelikweli kabla ya kuandika tamthilia ya Případy 1. oddělení, yaani kesi za idara ya kwanza, pamoja na Jan Malinda. Mmoja katoka rafu ya vitabu, mwingine katoka kazini. Wewe na kamera yako umetoka wapi?

Basi andika hadithi fupi. Ikiisha, andika nyingine fupi. Mpe mpelelezi wako siku ambayo hakufa mtu, tuone anaongea na nani na nani anamkopa hela. Ukimwona hana la kufanya siku hiyo, maiti haitamsaidia. Miswada msinitumie kwa sasa. Naandika sehemu ya tatu, na wameniomba nirefushe maongezi ya mezani.